Mchuchumio: jinsi ya kuvaa ukapendeza bila kuteseka

Jamani wadada, mchuchumio una raha yake, ukishavaa tu mguu unarefuka, mgongo unanyooka na gauni la sendofu linakaa linavyotakiwa. Ila kama ndo unaanza chukua sm 5 chenye kisigino kinene, zile sindano, yaani vya kisigino chembamba, za sm 10 subiri kwanza. Kanunue jioni maana miguu inakuwa imevimba kidogo, ukinunua asubuhi kitakubana ukumbini. Ukienda Kariakoo usijaribu umekaa, simama utembee, halafu kiweke mezani ukisukume kisigino kwa kidole, kikiyumba achana nacho hata wakushushie bei.

Kutembea sasa, hapa ndo wengi wanaharibu, wanakunja magoti na kuangalia chini. Tanguliza kisigino ndo vidole vifuate, hatua fupi, macho mbele, tumbo ndani, na ufanye mazoezi nyumbani kwenye tailizi ukiwa umevaa na soksi ili kiatu kilainike kabla ya shughuli. Kwenye nyasi au mchanga sindano inazama, vaa chenye soli nzima. Ndala ziwe kwenye pochi, na kabla ya kulala nyoosha misuli ya nyuma ya mguu ukiegemea ukuta.