Haidrojeli isiyopasuka ovyo: anza na wavu

Jeli yangu ya kwanza ya aljineti, unga utokanao na mwani, ilikatikia mikononi mwa msichana wa kidato cha pili, chama chetu cha sayansi kizima kikitazama. Nilikuwa nimeiloweka kwenye kalsiamu kloridi usiku kucha, nikiamini kwamba kalsiamu ikizidi, nguvu nayo itazidi. Ngumu ilikuwa kweli. Alipoikunja tu, ikavunjika kama biskuti. Walimu wenzangu mnaoniuliza jinsi ya kufundisha jambo hili, hapo ndipo pa kuanzia: ugumu si ukakamavu, yaani kustahimili bila kupasuka.

Haidrojeli ni nyuzi ndefu za polima zilizofungwa mafundo hapa na pale, maji yakijaa katikati. Mafundo yakikaribiana sana, kipande cha uzi kati ya fundo na fundo huwa kifupi, hakina pa kunyooka. Ufa ukifika, uzi ulio mbele yake hubeba mzigo peke yake, hukatika, na ufa huhamia kwa jirani. Kipande kikiwa kirefu ni hadithi nyingine. Uzi hukatika mahali pamoja, lakini kabla ya hapo kila kiungo chake kimevutwa, na nishati iliyokuwa humo yote hupotea pamoja nao. Watafiti Lake na Thomas waliueleza msingi huu kwa mpira mwaka 1967. Ndiyo maana mafundo mengi yalinipa jeli ngumu na dhaifu kwa wakati mmoja.

Dawa yake ni nyavu mbili ndani ya jeli moja: mmoja wa kuvunjika, mwingine wa kushikilia. Wa kwanza huvunjika eneo pana kuzunguka ncha ya ufa, na nguvu ya ufa huishia humo. Wa pili, wenye nyuzi ndefu, hauachi umbo lipotee. Jian Ping Gong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Hokkaido, Japani, walionyesha hivyo mwaka 2003. Mwaka 2012 watafiti wa Harvard walichanganya aljineti na poliakrilamaidi, wakapata jeli inayovutika zaidi ya mara 20 ya urefu wake, na kuipasua kulihitaji takriban jouli 9,000 kwa mita ya mraba, ingawa sehemu yake kubwa ni maji.

Akrilamaidi, malighafi ya poliakrilamaidi, ni sumu ya neva, usiilete karibu na wanafunzi. Tumia polivinili alkoholi, PVA, ile iliyohidrolaiziwa (iliyoondolewa asetati) asilimia 98 au zaidi. Gundi nyeupe ya mafundi seremala haifai, hata kama chupa imeandikwa PVA. Hiyo ni polivinili asetati.

Pima gramu 10 za PVA na gramu 1 ya sodiamu aljineti kwa mililita 90 za maji yaliyochujwa vizuri, ikiwezekana yaliyotoneshwa. Nyunyiza unga kidogo kidogo kwenye maji baridi huku ukikoroga. Ukiumwaga wote mara moja utapata madonge ambayo hayataisha hadi jioni. Kisha weka chombo ndani ya sufuria ya maji yanayochemka. Hapa Nairobi tuko mita 1,795 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka karibu nyuzi joto 94 za Selsiasi. Joto hilo linatosha, na wala huna haja ya kuogopa kuiunguza PVA. Funika, koroga kila baada ya dakika chache kwa saa moja na nusu au mbili, mpaka usione punje hata moja ukiinua kijiko kwenye mwanga. Acha mapovu yapande. Povu moja lililobaki ndani ni ufa uliokwisha kuanza.

Mimina kwenye visahani, kimo cha milimita 3 au 4. Gandisha usiku kucha, toa, acha iyeyuke polepole mezani, rudia mara tatu. Barafu inapokua husukuma PVA pembeni, nyuzi zinabanana na kuunda fuwele ndogo. Hizo ndizo mafundo ya wavu wa kushikilia. Kuyeyuka polepole husaidia. Nilijua hilo siku stima ilipopotea mtaani tangu asubuhi na friji ikabaki imefungwa: kundi lile lilitoka imara kuliko yote ya muhula.

Mwishowe loweka vipande kwenye kalsiamu kloridi ya asilimia 2 ili aljineti, wavu wa kuvunjika, ifunge mafundo yake. Saa moja yatosha. Usirudie kosa langu la usiku kucha.

Sasa jaribio lenyewe. Kata ukanda wa upana wa sentimita 2, chanja ukingo wake kwa kiwembe kina cha milimita 5, kisha vuta taratibu. Usiupime ukanda usio na mkato, utakudanganya. Tazama ncha ya mkato: kwenye aljineti tupu hubaki kali na ufa hukimbia. Kwenye jeli ya nyavu mbili ncha hujiviringa, inakuwa butu kama mdomo wa chupa, na jeli inavutika huku ufa umesimama palepale. Wanafunzi hunyamaza hapo.

Kisha tumbukiza ukanda mwingine kwenye sodiamu sitreti. Sitreti hunyakua kalsiamu, mafundo ya aljineti yanafunguka, na ukanda unalegea mkononi. Umeondoa wavu mmoja tu. Uchanje na huo, wauvute wenyewe.