Kabla ya kufunga tranka: sare, nywele na mtindo kwa mtoto anayekwenda bweni

Barua ya kukubaliwa ikishafika, wazazi wengi tunakimbilia ukurasa wa ada. Ukurasa wa mavazi tunamwachia fundi. Nimeshapeleka watoto watatu shule binafsi za bweni, na kama kuna jambo moja ninalomwomba mzazi mwenzangu, ni kukaa na mtoto mwenyewe mkausoma ukurasa huo mstari kwa mstari, kabla hamjalipa hata shilingi. Yeye ndiye atakayeishi ndani ya nguo hizo muhula mzima, alfajiri hadi usiku, katikati ya wenzake asiowajua bado.

Anzeni na rangi. Mwanangu wa kwanza alipokwenda kidato cha kwanza, fomu ilisema "sweta jekundu". Nikaenda Kariakoo, nikachagua jekundu zito, zuri, la bei. Siku ya kuripoti mwalimu akaliangalia akatikisa kichwa: kwao nyekundu ni damu ya mzee, tena lenye mistari miwili ya njano shingoni, na hilo linapatikana stoo ya shule tu. Binti yangu alilivua pale pale kwenye foleni, akalikunja vizuri, akanirudishia bila kusema neno. Bado naliona lile kunjo. Siku hizi napiga simu kwanza. Naomba picha ya sare kamili, mbele na nyuma, halafu nauliza swali moja la moja kwa moja: kipi lazima kitoke kwenu, na kipi naweza kushona mwenyewe? Jibu hilo peke yake linaweza kubadilisha bajeti yote.

Swali la pili ni hali ya hewa. Mtoto aliyekulia Dar es Salaam akipelekwa Mbeya, Njombe au Lushoto, baridi ya Juni na Julai itamkuta hana habari. Ulizeni kama jaketi linaruhusiwa juu ya sweta au litanyang'anywa. Kama haliruhusiwi, tafuteni fulana nzito za kuvaa ndani ya shati, na soksi nene za kulalia. Anayekwenda Bagamoyo au Tanga shida yake ni kinyume: shati la tetroni tupu linashika jasho, kwa hiyo tafuteni kitambaa chenye pamba ya kutosha.

Kwa fundi msitume vipimo kwa simu. Nendeni na mtoto. Nasema hivi kwa sababu malalamiko mengi ya nidhamu ya mavazi ninayosikia kwenye vikao vya wazazi, sketi kukunjwa kiunoni hadi ipande juu ya goti, suruali kubanwa iwe modo, yanaanzia nyumbani. Tunamnunulia mtoto gunia tukisema "atakua nalo". Anafika shuleni anaonekana kama amevaa nguo za kaka yake. Wiki ya tatu anaazima sindano bwenini na kuanza kujirekebishia. Mtoto wa miaka 14 anataka kupendeza, na hilo si kosa. Mpeni sare inayomkaa mwilini tangu siku ya kwanza, mtakuwa mmemwondolea nusu ya kishawishi.

Kukua nako kuna dawa yake, nayo ni pindo. Mwambieni fundi aache pindo la vidole vinne ndani ya sketi, na kitambaa cha ziada kwenye mshono wa nyuma wa suruali. Kipimo chetu nyumbani ni rahisi: binti anapiga magoti sakafuni, mgongo wima, na sketi lazima iguse chini pande zote. Kama ni ya marinda, hakikisheni marinda yameshonwa chini kidogo kutoka kiunoni, vinginevyo yatafumuka kila akiifua na asubuhi hatakuwa na muda wa kuyapanga. Kwa mvulana, mwelezeni waziwazi kwamba suruali iliyokatwa pembeni ili ibane haiongezeki tena. Mwaka ukigeuka, ni kununua nyingine.

Kuhusu nywele, shule nyingi zetu zinataka zinyolewe, wasichana kwa wavulana. Baadhi ya shule binafsi zinaruhusu twende kilioni, bila rasta wala dawa. Kama ni kunyoa, msingoje asubuhi ya safari. Sisi tulimnyoa binti wa pili siku kumi kabla, jioni, uani, shangazi yake ameshika mkasi. Siku mbili za mwanzo mkono wake ulikuwa haubanduki kisogoni. Kufikia siku ya kuripoti alishasahau. Kule langoni niliona wasichana wakinyolewa kwenye benchi huku wakilia, wazazi wao wamesimama pembeni. Mnaweza kumwepusha mtoto na hilo.

Familia za Kiislamu zinazopeleka watoto shule za madhehebu mengine ziulize habari ya hijabu mapema, na zipate jibu kwa maandishi. Wenzetu wa Kenya jambo hili liliwafikisha mbali: katika shauri la shule moja ya Isiolo inayofadhiliwa na Kanisa la Methodist, Mahakama ya Rufani mwaka 2016 iliwapa haki wasichana waliotaka kuvaa hijabu pamoja na sare, kisha Januari 2019 Mahakama ya Juu ikatengua uamuzi huo. Katika miaka yote hiyo, waliokuwa wakisubiri ni watoto. Ulizeni pia rangi ya hijabu na urefu wake, maana hata shule zinazoruhusu huwa na utaratibu wake.

Viatu: vyeusi, vya ngozi, vya kamba, soli iliyoshonwa, na nafasi ya dole gumba mbele. Avivae nyumbani wiki nzima kabla. Soksi jozi sita.

Nguo za ndani tunaziona aibu kuzitaja, ndiyo maana watoto wanakwenda na pungufu. Hizo ndizo zinazopotea zaidi kwenye kamba. Chupi kumi si nyingi. Msichana apate sidiria za kutosha, pedi za muhula mzima na skintaiti nyeusi mbili za kuvaa chini ya sketi, hata kama hajavunja ungo. Akivunja ungo shuleni, awe na kila kitu mkononi bila kuomba.

Halafu kuna Jumapili na siku ya kutembelewa, pale sare inapovuliwa na tofauti za majumbani kwetu zinapoonekana. Huko ndiko mtoto anakoumia, kuliko hata darasani. Ulizeni idadi ya nguo za nyumbani zinazoruhusiwa; zikiwa mbili, wekeni mbili, msivunje sheria kwa huruma. Chagueni pamoja naye, hata ikiwa ni mtumba wa Karume, mradi aipende yeye. Wa tatu wangu alikwenda na gauni moja la kitenge alilolichora mwenyewe kwenye daftari, fundi akalishona vile vile, na mifuko. Raba za bei ya juu ziacheni nyumbani, zinaibwa.

Wiki ya mwisho ni ya mikono yake. Afue shati jeupe mwenyewe kwa sabuni ya mche, kola kwanza, hadi mstari wa jasho utoke. Kila nguo itiwe jina kwa uzi, si kwa maka peni, maana wino unaisha baada ya kufua mara chache. Na ndani ya mfuniko wa tranka gundisheni orodha ya kila nguo na idadi yake, kwa mwandiko wa mtoto, ili siku ya kufunga shule aweze kuhesabu mwenyewe kilichobaki.