Kuzibua Bomba la Sinki la Jikoni Wakati wa Kipupwe

Katika nchi za baridi kali, bomba la maji machafu huziba kwa barafu. Huku Mtwara na Lindi, baridi huliziba kwa mafuta. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi za Selsiasi, na usiku wa Juni hadi Agosti hushuka kupita hapo, kwa hiyo masufuria ya mchuzi wa nazi yanayooshwa jioni huacha ndani ya bomba utando mweupe unaonasa machicha na mchanga wa kusugulia, hadi maji yakawa yanapita kwa shida.

Kabla ya kumimina chochote, funua chemba, kile kishimo chenye mfuniko kilicho nje ya jiko ambamo bomba hupitia. Ikiwa imejaa, tatizo liko mbele, kuelekea kwenye karo, yaani shimo la maji machafu, na hapo mwite fundi bomba. Ikiwa haina maji huku sinki limetuama, kizuizi kiko kati ya sinki na chemba, nawe unaweza kukitoa mwenyewe.

Anza na kipande kilichopinda kama herufi U chini ya sinki, kwani mara nyingi uchafu hukaa hapo. Tega ndoo, legeza nati zake za plastiki kwa mkono, toa uchafu wote na kuufunga kwenye gazeti. Kirudishe kipande hicho hata kama kinanuka, kwa sababu maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia harufu ya karo isipande jikoni.

Kizuizi kikiwa mbali zaidi, mimina polepole maji ya moto yaliyochanganywa na sabuni ya unga, lakini yasiwe yanachemka, maana bomba la plastiki hulainika na maungio yake huachia. Sabuni ni ya lazima: mafuta yaliyoyeyuka bila sabuni huganda tena chini ya ardhi, mahali ambapo mkono haufiki. Malizia kwa ndoo kadhaa za maji ya moto.

Sishauri kutumia dawa kali za kuzibulia, kwani huunguza ngozi na macho, na yeyote anayechanganya tindikali na dawa ya klorini hutengeneza hewa ya sumu ndani ya jiko lake.

Kuanzia hapo, futa masufuria kwa karatasi yangali na joto kabla ya kuyaosha, na machicha wape kuku.