Jinsi ya kuanzisha unasihi shuleni kwako hata kama huna chumba

Umepewa barua ya kuwa mwalimu wa unasihi, yule wa kuwasikiliza na kuwashauri wanafunzi, hongera, na najua hukuulizwa maana wengi wetu hatukuulizwa, una vipindi 24 kwa wiki, watoto karibu mia tisa na ofisini hata kiti chako mwenyewe unagombania. Mi nafanya hii kazi sekondari ya kata, ya kutwa, hapa Tanzania, mwaka wa saba huu. Naandika ninavyofanya, we chukua linalokufaa.

Hatua ya 1: weka fimbo chini

Hii ndo ya kwanza kabla hata ya kutafuta chumba. Kanuni zinasema fimbo ni ya mkuu wa shule au mwalimu aliyemteua kwa maandishi na zisizidi nne, ila mstarini tunajua mambo yanavyokwenda. Sasa kama asubuhi umeonekana unawachapa waliochelewa, saa nane nani atakuja kukwambia kwanini anachelewa? Nenda kwa mkuu, "Mkuu naomba nitoke kamati ya nidhamu, zamu nitafanya kama kawaida ila kuchapa hapana". Wangu alicheka sana, akasema mwalimu unataka utakatifu, lakini akakubali. Muombe pia muwe wawili, wa kike na wa kiume, kuna mambo binti hawezi kukwambia wewe mwanaume hata ukae nae mpaka jua lizame.

Hatua ya 2: chunga mdomo wako ofisini

Hapa niliharibu mwenyewe. Mwaka wa kwanza kuna kijana wa form two aliniambia baba yake anakunywa na usiku wanalala nje, mi saa ya chai nikaisimulia, kwa huruma tu wala sikuwa na ubaya, kesho yake mwalimu mmoja akamtania darasani "we mtoto wa mlevi". Muhula mzima hakuja mtu kwangu. Hata mmoja. Yule kijana mpaka anamaliza shule alikuwa ananisalimia akiangalia pembeni.

Toka hapo naandika kwenye kaunta buku kwa namba, sio jina, na buku nalala nalo nyumbani. Mwalimu wa darasa akiuliza namwambia "mpunguzie adhabu ya kuchelewa, sababu ninayo", basi, inaishia hapo.

Hatua ya 3: mahali

Chumba hakuna, usisubiri. Mi natumia chini ya mwembe nyuma ya stoo ya vitabu, watu wanatuona ila hawatusikii, na hiyo ndo siri yake, kujifungia na mtoto ndani ni kujitafutia kesi.

Hatua ya 4: wafikie wasiokuja

Sanduku la maoni nje ya ofisi ya mkuu halifai kitu, nani atatumbukiza karatasi huku anaangaliwa. Fanya hivi, mara moja kwa muhula ingia darasa zima, gawa vikaratasi vya saizi moja, kila mtu aandike, hata asiye na shida aandike alichokula jana, vyote vikunjwe virudi kwako. Hapo hajulikani nani kaandika nini. Anayetaka kuongea anaandika jina, nawe usimwite mbele ya wenzake, mtume akuletee madaftari.

Hatua ya 5: mazungumzo yenyewe

Anza kwa kumwambia ukweli, "tutakayoongea ni yetu, ila nikisikia kuna mtu anakuumiza au unataka kujiumiza, hiyo siwezi kukaa nayo peke yangu". Usimwahidi siri ya kila kitu alafu uje kuivunja. Kisha nyamaza. Walimu tunapenda kuhutubia, mtoto kasema sentensi moja we ushampa semina ya nusu saa. Usianze na "kwanini ulifanya", hiyo ni ya polisi, sema "ilikuwaje". Na ujue wengi hawataji shida, wanataja tumbo au kichwa, anaomba ruhusa kila Jumatatu, muulize wikendi nyumbani kuna nani.

Hatua ya 6: yanayokuzidi

Binti au kijana amebakwa, wewe sio mpelelezi. Usimhoji mara tano, asioge, nguo asifue, muende hospitali siku hiyohiyo maana dawa za kuzuia VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na mapema zaidi ndo bora. Kama hospitali yenu ina kituo cha mkono kwa mkono, polisi, daktari na ustawi wa jamii utawakuta sehemu moja. Kama hakuna, afisa ustawi na dawati la jinsia na watoto la polisi, namba zao ziwe kwenye simu yako leo, sio siku ya tukio. Simu ya mtoto ni 116, haina gharama. Na jiandae, wazazi watakuja na habari za kuyamaliza kifamilia, mara ng'ombe, mara ndoa. Wajibu kwa heshima kwamba limeshatoka mikononi mwako, na hakikisha kweli limetoka.

Anayesema anataka kufa usimwache peke yake hata dakika ya kwenda chooni, mpaka mzazi unayemwamini afike na muende kituo cha afya.

Mimba: toka Novemba 2021 anaruhusiwa kurudi shule baada ya kujifungua, upo waraka. Wengi mtaani hawajui, kwahiyo mfuate nyumbani, mwambie mama yake. Mi huwa naenda nikiwa na nakala ya waraka mkononi, bila karatasi wananiona naongea tu.

Ya tahasusi, yaani kombi za form five, sina mengi, toka 2024 zimekuwa 65, bandika orodha ukutani kabla form four hawajajaza Selform, ile fomu ya kuchagua kombi na shule, uwe unapita hapo saa ya mapumziko. Wanaokuja kuuliza kombi nusu yao wana lingine moyoni, we jibu la kombi kwanza, alafu usiondoke haraka.