Filamu imeingiza dola milioni 450. Je, imelipa? Namna ya kupiga hesabu kabla ya kubisha

Mabishano ya sinema yanayomalizwa na namba moja yamenichosha. Mtu anasoma kichwa cha habari kwamba filamu fulani imeingiza dola milioni 450, basi kesi imefungwa: wenye filamu wametajirika, na wewe uliyesema haina kichwa wala miguu unyamaze. Mdogo wangu ndiye bingwa wa mchezo huu. Kila akinijia na namba yake mpya namkalisha chini tunapiga hesabu, na hesabu yenyewe ni hii. Chukua kalamu na karatasi. Simu pia inafaa, ila utajikuta unatazama trela.

Swali la kwanza: hizo 450 ni za nani? Mapato yanayotangazwa ni fedha zote walizolipa watazamaji mlangoni, na ukumbi wa sinema unakata chake kabla studio, yaani kampuni yenye filamu, haijaona kitu. Marekani, kwa kukadiria, studio inabaki na nusu. China, filamu ya kigeni inayoingia kwenye ile idadi maalum inayoruhusiwa na serikali hupata kama asilimia 25 tu. Kwingineko mimi huweka asilimia 40 na kusonga mbele. Sasa gawanya. Tuseme 200 zimetoka Marekani, 100 China, na 150 nchi nyingine zote. Studio inapata 100, jumlisha 25, jumlisha 60. Jumla ni milioni 185. Iandike kwa herufi kubwa, maana hapa ndipo mdogo wangu huanza kusema nimemchagulia mfano mbaya.

Halafu gharama. Bajeti inayotajwa, tuseme milioni 200, ni ya kutengeneza filamu tu: waigizaji, seti, kamera, picha za kompyuta. Matangazo hayamo. Kwa filamu kubwa inayotoka dunia nzima kwa pamoja, matangazo peke yake yanaweza kupita milioni 100. Kwa hiyo zimetoka 300, zimerudi 185. Kichwa cha habari kilikuwa cha shangwe.

Kama huna karatasi, iko njia ya mkato ambayo wafuatiliaji wengi wanaitumia: zidisha bajeti kwa mbili na nusu, na filamu isiyofika hapo ihesabu imepata hasara kwenye kumbi. Naipenda kwa sababu inafanyika kichwani huku mwenzako bado anaongea. Ila usiiamini mahali pawili. Filamu iliyovuna sana China inahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu ya ule mgao mdogo. Na filamu ndogo kabisa huiharibu kanuni yote. Paranormal Activity ilipigwa kwa takriban dola 15,000 na ikaingiza zaidi ya milioni 190. Watu hugawanya hizo namba mbili, wakapata zaidi ya mara elfu kumi na mbili, wakaanza kuota kununua kamera. Lakini 15,000 ilikuwa gharama ya kupiga picha. Studio iliyokuja kuisambaza ilitumia mamilioni kuitangaza, na mamilioni hayo kwenye ule mgawanyo hayaonekani.

Kwa upande wa pili mpe mwenzako John Carter ya mwaka 2012. Iliingiza kama milioni 284 duniani, namba ambayo ukiisikia peke yake utapiga makofi. Bajeti yake ilipita milioni 250, na Disney wenyewe walitangaza kwamba wanatarajia hasara ya karibu milioni 200, filamu ikiwa haijamaliza hata mwezi kwenye kumbi.

Usiharakishe kuzika maiti, lakini. Baada ya kumbi zinakuja haki za televisheni, mauzo ya mtandaoni, midoli, na leseni zinazouzwa tena na tena kwa miaka. Kwa hiyo sema "imepata hasara kwenye kumbi" na uishie hapo. Neno "hasara" likisimama peke yake utalijibia.

Ukilinganisha filamu za zama tofauti, achana na dola. Bei ya tiketi inapanda, na rekodi nyingi mpya ni mfumuko wa bei uliovaa suti. Avatar ya 2009 ndiyo inayoongoza kwa dola za kawaida, lakini ukirekebisha kwa thamani ya fedha, Gone with the Wind ya mwaka 1939 inaipita. Mimi napendelea kuhesabu tiketi. Wafaransa ndivyo wanavyofanya: habari zao hutaja watu wangapi wameingia ukumbini, na naona wametushinda akili. Hata hivyo tiketi nazo zina walakini. Ile ya 1939 ilirudishwa kwenye kumbi mara nyingi, tena ilianza wakati karibu hakuna mtu mwenye televisheni nyumbani.

Kitu kingine cha kuchunga ni neno "faida halisi". Mwandishi Art Buchwald aliishtaki studio ya Paramount akidai mgao wake wa faida ya filamu Coming to America ya 1988, iliyotokana na wazo lake. Filamu iliingiza zaidi ya milioni 280, na bado vitabu vya studio vilionyesha hakuna faida halisi ya kugawana. Mwaka 1990 mahakama ya Los Angeles iliona baadhi ya masharti ya mkataba ule ni ya kuonea. Somo kwa mbishi: studio ikisema imepata hasara, uliza inamwambia nani. Kauli inayotolewa kwa wenye hisa naipa uzito. Ile anayopewa mtu anayedai mgao wake naipokea kwa mkono wa kushoto.

Huduma za kutazama filamu mtandaoni kwa ada ya mwezi, kama Netflix, ndizo zinazotutoa jasho, kwa sababu hakuna tiketi ya kuhesabu. Netflix tangu 2023 hutoa orodha ya "mitazamo", na mtazamo mmoja maana yake ni saa zote zilizotazamwa kugawanywa kwa urefu wa filamu au tamthilia. Watu wawili wakiacha katikati, wanahesabika kama mmoja aliyemaliza. Kwa hiyo usiseme "watu milioni 50 wameitazama". Wala usizidishe mitazamo kwa bei ya tiketi. Mdogo wangu alifanya hivyo akapata utajiri wa kutisha. Mteja amelipa ada ya mwezi mzima, katazama mambo kumi, na hakuna ajuaye ni lipi lililomfanya asijitoe. Hapo mimi huweka kalamu chini na kusubiri jambo moja tu: kama msimu wa pili umeagizwa, na kama waigizaji ni walewale au wamepatikana wa bei nafuu.