Jinsi ya Kuendesha Bomba la Gesi na Gridi ya Umeme kwa Mpango Mmoja

Mwongozo huu unawahusu wahandisi na viongozi wa zamu wanaosimamia bomba la gesi asilia au gridi ya Taifa nchini Tanzania. Kwa miaka mingi umeme wetu ulitegemea sana gesi ya Songo Songo na Mnazi Bay. Sasa Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, pamoja na umeme wa jua wa Kishapu mkoani Shinyanga, vimebadilisha kazi ya mitambo ya gesi. Zamani mitambo hiyo iliwashwa na kuachwa izunguke mfululizo, lakini sasa hutakiwa kupumzika maji yanapokuwa mengi na kuamka upesi maji au jua vinapopungua. Gesi inayochomwa kwa mwaka mzima inaweza kupungua huku matumizi yake ndani ya siku moja yakipanda na kushuka kwa kasi kuliko awali, na kasi hiyo ndiyo inayolielemea bomba.

Anza kwa kujua bomba lina akiba kiasi gani. Umeme hutumika papo hapo unapozalishwa, ilhali gesi husafiri polepole: hata ikienda mita 5 kwa sekunde, gesi inayoingia bombani Madimba, mkoani Mtwara, huhitaji zaidi ya saa 26 kumaliza kilomita 477 hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo mtambo wa umeme wa gesi wa Kinyerezi, jijini Dar es Salaam, unapowashwa ghafla huchoma gesi iliyojazwa bombani tangu jana, si ile inayotoka kisimani wakati huo.

Akiba hiyo inahesabika. Bomba lina kipenyo cha inchi 36, na ndani yake mna nafasi ya takriban mita za ujazo 290,000. Mgandamizo wa wastani ukishuka kwa baa 1 (kipimo kinachokaribia mgandamizo wa kawaida wa hewa), bomba huwa limetoa karibu mita za ujazo 300,000 za gesi, ikipimwa katika mgandamizo wa kawaida wa hewa. Sasa chukulia kwamba mtambo mmoja wa Bwawa la Nyerere umetoka kwenye gridi, na megawati zake 235 zimebebwa na mitambo ya gesi yenye ufanisi wa asilimia 35. Mitambo hiyo itakula takriban mita za ujazo 65,000 kwa saa, hivyo baa 1 itawapa waendeshaji muda wa saa nne na nusu hivi kabla ya gesi ya ziada kutoka kwenye viwanda vya kusafisha gesi kuhitajika. Haya ni makadirio, na yanapaswa kusomwa kwa tahadhari, kwa sababu mgandamizo haushuki sawasawa katika bomba zima: hushuka kwanza karibu na mtumiaji, na kila mtambo una kiwango cha chini ambacho gesi ikishuka chini yake, mtambo hujizima. Rudieni hesabu hii kwa kila kituo, kwa kutumia mgandamizo unaosomeka kwenye lango la kituo chenyewe, kisha muibandike katika vyumba vyote viwili vya udhibiti, cha bomba na cha gridi.

Hatua inayofuata ni mpango wa pamoja wa kesho. Kila asubuhi upande wa umeme utoe makadirio ya saa kwa saa: mahitaji ya wateja, umeme wa maji, umeme wa jua na pengo litakalojazwa na gesi. Usitoe tarakimu moja pekee. Toa kiwango cha chini na cha juu, kwani mtu wa bomba hupanga kwa kuangalia hali mbaya inayowezekana. Upande wa gesi ujibu kwa kueleza utaweza kutoa kiasi gani kila saa, baada ya kuwahesabu viwanda vya saruji, magari na wateja wengine waliomo kwenye bomba hilohilo. Saa ngumu ni za jioni, jua linapozama wakati taa na majiko yanawashwa. Ni busara kuongeza uingizaji wa gesi tangu asubuhi ili bomba liwe limejaa ifikapo saa 9 alasiri, na kukubaliana kwa maandishi kuhusu mgandamizo utakaobaki usiku wa manane, kwa kuwa bomba lililomaliza siku likiwa tupu huihamishia zamu ya kesho tatizo lote.

Andikeni pia mpangilio wa kuwasha mitambo. Kinyerezi I ni ya mzunguko mmoja, yaani gesi huzungusha mtambo na joto linalobaki hutoka nje, na huwaka haraka. Kinyerezi II ni ya mzunguko pacha, yaani joto linalobaki huchemsha maji na mvuke wake huzungusha mtambo mwingine, hivyo hutoa umeme mwingi zaidi kwa gesi ileile, lakini sehemu yake ya mvuke ikiwa imepoa huchukua muda mrefu kurudi kazini. Kwa dharura ya dakika chache tumia maji kwanza, kwani bwawa lenye maji hujibu upesi kuliko mtambo wowote wa gesi, kisha mtambo wa mzunguko mmoja. Kwa upungufu utakaoendelea siku nzima, hamishia mzigo kwenye mzunguko pacha mapema iwezekanavyo. Matengenezo ya visima na bomba yafanywe wakati wa masika, bwawa linapopokea maji mengi, lakini yasifanywe yote kwa pamoja, maana umeme wa Nyerere hupita njia ya kilovolti 400 kwenda Chalinze, na hitilafu ya njia hiyo haingoji ukame.

Mikataba nayo iangaliwe upya. Mkataba unaomlipa mwenye gesi kwa kiasi kilichochomwa pekee hautamlipa kwa kuweka bomba tayari siku 300 ambazo haliitwi. Naona ni haki utayari huo uwe na malipo yake, la sivyo hautakuwepo siku utakapohitajika.

Mwisho, chunguza umeme unaotumiwa na mfumo wa gesi wenyewe. Katika jimbo la Texas, Marekani, Februari 2021, baridi kali iligandisha vifaa vya gesi, na umeme ulipoanza kukatwa ili kuokoa gridi, baadhi ya visima na vituo vya kusukuma gesi vilikatiwa pia kwa sababu havikuwa vimeorodheshwa kuwa wateja wasiopaswa kukatiwa umeme. Gesi ikapungua zaidi, mitambo ya umeme ikazidi kuzimika, na mamilioni ya nyumba zikakaa gizani katika baridi iliyoua watu zaidi ya 200. Hapa kwetu hakuna theluji, lakini mgao wa umeme tunaujua. Tembelea kila kituo cha vali, cha kupima na cha kusafisha gesi, uangalie kinapata umeme kutoka laini gani, jenereta yake ya akiba imejaribiwa lini ikiwa na mzigo, na betri za mawasiliano hudumu saa ngapi. Laini hizo ziondolewe kwenye orodha ya kukatwa, na orodha hiyo ipitiwe upya na wahandisi wa pande zote mbili kila mara laini inapobadilishiwa njia.