Vidole baridi baada ya upasuaji wa moyo: kukagua mshtuko wa mzunguko wa damu wodini

Mwongozo huu ni wa wenzetu wa Mtwara na Lindi wanaompokea mgonjwa aliyepasuliwa moyo Dar wiki chache zilizopita, sasa amelegea na presha imeshuka: huenda ni mshtuko, yaani viungo havipati damu ya kutosha. Dar ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Mtwara. Saa za mwanzo ni zenu.

1. Oksijeni, kanula kubwa, presha, HB (kiwango cha himoglobini). HB isirukwe: gramu 1 ya himoglobini hubeba takriban mililita 1.34 za oksijeni. Mwenye HB 6 anaweza kusoma 98% kwenye oksimita (kipimo cha oksijeni cha kidoleni) huku damu yake ikibeba nusu tu ya oksijeni anayobeba mwenye HB 12.

2. Wastani wa presha: ya chini mara mbili, jumlisha ya juu, gawa kwa 3. Lenga 65.

3. Kidole. Bonyeza nyama ya ncha ya kidole cha shahada mpaka ipauke, shikilia sekunde 10 kamili, achia, hesabu kwa saa. Rangi ikichukua zaidi ya sekunde 3 kurudi, damu haifiki pembeni vizuri. Usitumie kucha: hina na piko hufunika weupe, na piko inaweza kuvuruga oksimita pia. Usibonyeze kifuani, mfupa bado unaunga. Mkono uwe usawa wa moyo, kwenye mwanga wa kutosha. Kama feni imempuliza, mfunike blanketi kwanza, maana baridi peke yake huchelewesha rangi. Rudia kila dakika 30, kidole kilekile, mpimaji yuleyule.

Nakiamini kipimo hiki kuliko lakteti ya mara moja (lakteti hupanda damuni seli zikikosa oksijeni). Adrenalini huipandisha lakteti hata damu ikifika vizuri. Tena sampuli ikilala mezani hupanda yenyewe: chembe nyekundu hazina mitokondria, zinaendelea kugeuza sukari kuwa lakteti. Iwekeni kwenye barafu, isomwe ndani ya dakika 15.

4. Shingo. Mishipa ikituna na presha iko chini, hofia damu kwenye mfuko wa moyo, hasa kwa anayetumia wafarini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Furosemaidi, dawa ya kukojoza maji, hapana! Moyo uliobanwa unahitaji damu ya kuujaza. Bonge la damu linaweza kubana chumba kimoja tu, dalili za vitabuni zisionekane, kwa hiyo fanyeni eko (ultrasound ya moyo), pimeni INR (kasi ya damu kuganda), pigeni simu Dar. Mishipa ikiwa bapa: dripu ya Ringer mililita 250 kwa dakika 15, sikiliza mapafu, rudi kwenye kidole.

5. Vidole vina joto, presha nzuri, lakini lakteti inazidi kupanda? Huenda oksijeni inafika ila seli zinashindwa kuitumia. Tafuteni maambukizi, valvu ikiwa ya kwanza kushukiwa. Damu ya kalcha (ya kuoteshea vijidudu maabara) itolewe kabla ya dozi ya kwanza ya antibayotiki.